Dramu la Mpunga Halijazwi Kama Karasha

Hapana, Doto, dramu halizunguki tupu. Linaonekana tupu kwa sababu mpunga wenyewe uko hewani, unaanguka. Nilikuambia hivyo leo mchana mbele ya Bosi, ukachungulia ndani, ukageuka ukasema, "Dada Minza, dramu lote hili, halafu mpunga kiasi cha kushibisha kuku? Tunachoma pumba za bure." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilichekesha. Lakini kesho hukaushi kichekesho. Kesho unakausha mpunga wa mama yako.

Na usiniambie tena kwamba ukijaza utamaliza haraka. Utamaliza haraka kuharibu.

Naandika haya kwa ajili yako na wenzako mnaobaki na mashine hiyo hapa kiwandani Nyasubi, kwa sababu kuanzia leo mimi nimestaafu. Najua wastaafu huwa na mvi, wanaagwa kwa mabati na hotuba. Mimi nimeagwa kwa soda baridi, na nyumbani shangazi bado ananiuliza nitaolewa lini. Ila nimestaafu dramu hili tu, sijastaafu kazi. Kuna watu Geita wamenunua dramu la kukaushia mchanga wa kutengenezea gundi ya vigae, hawajui waanzie wapi, wameniita. Mchanga haukatiki chenga, kwa hiyo nadhani nitalala usingizi mzuri. Vyeo na mishahara sitaviandika humu. Havijawahi kukausha hata punje moja.

Kwa atakayesoma bila kuwepo leo: Doto ni pacha wa pili wa Mama Kulwa, mkulima wa Segese. Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye makarasha, yale madramu ya chuma yanayosaga mawe ya dhahabu kwa magololi. Anajua mashine, ana mkono mzuri, na kuanzia kesho dramu ni lake. Sasa mvua isiyotegemewa imemkuta Mama Kulwa na mpunga wa msimu mzima umekatwa, umepigwa, uko chini. Umelowa wote. Kesho asubuhi unaletwa na lori. Mpunga uliolowa ukikaa kwenye magunia unajitia joto wenyewe, na ukicheleweshwa unaanza kuchipua humohumo guniani. Doto anasema tukipitisha kidogokidogo utaota kabla hatujamaliza, kwa hiyo jaza dramu, ongeza moto, kazi iishe. Hofu yake ni ya kweli. Dawa yake ndiyo mbaya.

Nianze na siku yangu ya kwanza, maana kila kitu ninachokijua kilianzia pale.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu msiyaulize, na mimi siulizi ya mtu. Bosi Kirit, ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kabla ya kiwanda, alinichukua kufagia. Nikawa nafagia nikifika kwenye dramu nasimama. Ni kitu kirefu kama basi, cha chuma, kimelala juu ya magurudumu ya chuma, kinazunguka polepole kuliko mtu anayegeuza chapati bila wasiwasi. Nikawa nasimama hadi vumbi linarudi nilikotoka kufagia. Siku ileile aliyekuwa akilisha tanuru akaniita. Huyo alikuwa Bi Mwajuma, mwenyeji wa Ujiji, mwanamke mwenye sauti ya kushinda feni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona unaliangalia kama limekuposa? Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Umefua?"

"Nini?"

"Nguo, we mtoto. Umewahi kufua nguo ukaanika?"

"Ndiyo."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Weka fagio hapo."

Bosi alipopita baadaye akauliza nani anafagia, Bi Mwajuma akamjibu, "Vumbi lipo tu, Bosi, haliendi popote. Huyu nimemchukua." Ndivyo nilivyoajiriwa mara ya pili siku moja.

Akanizungusha. Dramu limelala na mteremko kidogo, kama kitanda ulichokiwekea matofali kwenye miguu ya kichwani. Upande wa juu kuna bakuli kubwa la bati lenye mlango wa kulishia: mpunga uliolowa unaingilia pale. Upande wa chini ndiko unakotokea. Hakuna anayeusukuma. Mteremko na mzunguko ndivyo vinavyousogeza, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka mlima kwa kurukaruka. Akanipeleka kwenye kidirisha cha kuchungulia. Nikaona ndani ya dramu, kwenye ukuta wake wote, kumechomelewa vibao vya chuma vilivyopinda. Tunaviita vijiko. Kila kijiko kinapita chini, kinachota mpunga, kinapanda nao, na kikifika juu kinaumwaga. Vijiko viko vingi, vinafuatana, kwa hiyo mpunga haukomi kuanguka. Ukichungulia unaona pazia. Pazia la punje tupu, kutoka juu hadi chini.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona mpunga unaanguka."

"Umeona nusu. Katikati ya punje na punje kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu! Kuna hewa, mama. Hiyo ndiyo inayofanya kazi. Sisi wengine tunasindikiza."

Hapo ndipo akanifundisha habari ya hewa, na Doto, hapa nataka usome taratibu, japo najua hutaki. Tanuru letu linachoma pumba za mpunga, ambazo hapa Kahama hazinunuliwi kwa vita, kila mashine ya kukoboa ina kilima chake. Moshi unatokea juu kwenye bomba lake. Hewa safi inapita pembeni mwa mabomba ya moto, inachukua joto, haichukui moshi. Ndiyo maana mchele wetu haunuki moshi, na anayesema unanuka amepikia kuni. Upande wa chini kuna feni kubwa ya kunyonya. Hiyo ndiyo inayoivuta hewa ya moto ipite katikati ya lile pazia, na kuitoa nje ikiwa na maji. Kabla ya kutoka inazungushwa kwenye pipa refu lenye umbo la karatasi ya kufungia karanga, pana juu na jembamba chini, vumbi na makapi yanaanguka chini, hewa inaendelea.

"Moto hauondoi maji," Bi Mwajuma alipenda kusema. "Moto unayafukuza kwenye punje, lakini hewa ndiyo inayoyabeba. Ukiongeza moto bila hewa, maji yanazungukazunguka humo ndani kama mgeni ambaye hajaonyeshwa mlango. Yakichoka yanarudi kukaa."

Mimi mtu wa haraka, nikauliza kwa nini hewa kali ya moto tunaiingiza upande uleule wa mpunga mbichi. Si tungeileta mwishoni, kumalizia? Akaniangalia kwa huruma. "Mtu aliyelowa chapachapa anaweza kusimama karibu na moto, maji yake yanamlinda. Aliyekwisha kauka ukimsogeza hapo anaungua." Kwa hiyo moto mkali unakutana na punje zilizolowa zaidi, na kadiri zinavyoshuka zikikauka, hewa nayo inapoa. Zinashuka pamoja kama watu wanaozeeka pamoja. Maneno hayo ni yake, mimi sijaolewa, kama shangazi anavyojua.

Utaratibu wa kuwasha ni huu, na hauna mjadala. Feni kwanza. Halafu dramu lizunguke. Halafu joto la tanuru. Mpunga mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume chake: unafunga mlango wa kulishia, unaacha dramu litoe kila kilichomo, unaondoa joto, na dramu linaendelea kuzunguka tupu mpaka liweze kushikwa kwa mkono. Hapo ndipo unaliruhusu lisimame. Dramu la moto likisimama linalegea katikati kama godoro la gesti, na likishapinda halinyooki tena.

Sisi tuliijua hiyo siku umeme ulipokatika na jenereta likagoma. Dramu limejaa joto, limesimama. Bi Mwajuma alipiga kelele hadi wapakiaji mizigo wa nje wakaja mbio wakidhani kuna aliyekufa. Tukashika mnyororo mkubwa unaozungusha dramu, baada ya kuzima swichi kubwa ili umeme ukirudi usitukate mikono, tukaanza kuvuta. Wapakiaji wakaanza kuimba wimbo wa kulima. Wanavuta, wanapumzika, wanavuta. Bosi Kirit mwenyewe alivua saa akavuta, shati lake jeupe likawa la fundi baiskeli. Mpemba mmoja muuza kashata aliyekuwa getini akaingia naye akashika, akasema kwao chombo hakiachwi. Dramu halikupinda. Tangu siku ile jenereta linawashwa kila asubuhi kujaribiwa, hata kama umeme upo. Endeleeni hivyo.

Vifaa. Bosi ana kipimo cha unyevu, kizuri, kina kioo na namba. Kikiwa na betri nzima kitumieni. Betri ikianza kuchoka kinasema lolote. Siku moja Bosi alikishika vibaya, kikasoma kiganja chake, kikasema kiko tayari kukobolewa. Kwa hiyo Bi Mwajuma alinipa chupa ya kioo yenye kifuniko, na chumvi iliyokaushwa. Weka chumvi kidogo, weka mpunga, funga, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mpunga bado una maji. Ikidondoka yote ikakiacha kioo kisafi, mpunga umekauka. Lakini chumvi yenyewe lazima iwe kavu. Mtu akichukua chumvi ya jikoni iliyolowa, chupa itamdanganya maisha yake yote.

Jino pia ni kifaa. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, vizuri. Ikibonyea, rudi kazini.

Na kuna sikio. Mpunga ukiingia kwa kiasi chake, dramu linasikika kama mvua ya kawaida kwenye bati. Ukiingia kidogo mno unasikia vikokoto, moja moja. Ukizidi, mvua inakatika, unasikia kama gunia linaburutwa sakafuni. Hapo vijiko vimefunikwa, haviinui tena, mpunga unajigaragaza chini na hewa inapita juu yake bila salamu.

Ukisikia hilo gunia, punguza mlango. Usiguse moto. Punguza mlango.

Sasa kesi ya Masanja. Niliahidi sitaisimulia akiwa bado hapa, lakini ameshahamia Bugarama na yeye mwenyewe huisimulia vizuri kuliko mimi.

Fundi Masanja alikuwa mchomeleaji wetu. Vijiko vinalika, vinabadilishwa, na hakuna aliyekunja bati kama yeye. Naye alitokea kwenye makarasha. Bi Mwajuma akaenda Ujiji kwa sikukuu, mpunga wa mfanyabiashara mmoja ukaingia umelowa, ua mzima umejaa magunia, na Bosi akamkabidhi Masanja dramu. Mimi nilikuwa upande wa chini, unakotokea mpunga.

Karasha lina sheria zake, na ni sheria nzuri kwa karasha. Unajaza mawe, unafunga, unazungusha, unangoja. Tupu halisagi. Ukipunguza mawe, magololi yanagongana yenyewe unaharibu chuma. Masanja akachungulia dramu letu, akaona pazia jepesi, akasema kama ulivyosema wewe leo, isipokuwa yeye hakutaja kuku. Akafungua mlango wote.

Mvua ikakatika. Gunia likaanza kuburutwa. Mikanda ya mota ikaanza kulia. Nikampigia kelele, akanijibu, "Mtoto wa shule, ngoja uone kazi!" Mpunga ulipoanza kunifikia nikaushika, ulikuwa wa moto kama ugali na umelowa kama ulivyoingia. Akasema basi moto bado. Akaongeza pumba. Sasa mvuke ukajaa ndani, ukafika upande wa kwangu kwenye baridi, ukageuka maji, yakawa yananidondokea kichwani. Nimesimama kwenye mashine ya kukaushia, nalowa.

Jioni ile ua mzima ulikuwa na mpunga vuguvugu uliorundikwa. Punje nyingine zilikuwa zimeungua ganda, nyingine zikachipua. Na zile zilizoonekana nzima, nje zimekazwa na moto wakati ndani bado kuna maji, zikapasuka nyufa usizoziona kwa jicho. Tulipozikoboa zikavunjika zote. Yule mfanyabiashara alileta mpunga wa kuuza kwenye harusi akaondoka na chenga za vitumbua. Hakutukana. Alichukua konzi moja akaimwaga chini polepole mbele ya Masanja, akaondoka. Afadhali angetukana.

Bi Mwajuma alirudi, akaambiwa. Halafu akalowanisha kanga mbili. Moja akaianika kwenye kamba, imetandazwa. Ya pili akaikunja, akaikunja tena, akaiweka kwenye kamba ileile, jua lilelile. Akamwambia Masanja aende akanywe chai. Masanja aliporudi, iliyotandazwa ilikuwa inapepea. Akaambiwa aishike ile iliyokunjwa.

"Ina moto," akasema.

"Fungua."

Akafungua. Ndani maji.

"Nje ya moto, ndani mbichi," Bi Mwajuma akasema. "Sasa niambie, ungeongeza jua au ungeitandaza?"

"Nimeelewa, Bi Mwajuma. Usininyooshee kanga tena."

Toka hapo Masanja ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwenye ule mlango. Ndiye aliyechomelea kile kizuizi cha chuma kinachouzuia usifunguke wote. Doto, leo ulikuwa unatafuta utakitoaje. Nilikuona.

Lakini kuna jambo Bi Mwajuma alilifanya baadaye ambalo ndilo jibu lako hasa, kwamba mpunga utaota kabla hatujamaliza. Hatumalizi. Huo ndio ufunguo. Mpunga uliolowa sana haukaushwi kwa safari moja. Safari ya kwanza unapita wote kwa pazia jepesi na hewa nyingi, unatoa yale maji ya juu tu. Ukishatoka hapo haujakauka, lakini hauchipui tena, hatari imeondoka. Kisha unalazwa, juu ya maturubai, kimo cha chini, kivulini. Unapolala, maji yaliyobaki katikati ya punje yanasogea nje yenyewe, bila pumba hata moja. Ukishapumzika unarudishwa dramuni safari ya pili, taratibu, unamalizika bila kupasuka. Gunia la mwisho linapitishwa safari ya kwanza siku hiyohiyo. Hakuna gunia litakalobaki linachemka likingoja zamu ya kumaliziwa.

Ukijaza, unapitisha mara moja na unapoteza. Ukipunguza, unapitisha mara mbili na unawahi. Najua inaonekana kinyume. Na mimi sipendi kungoja, kama kungekuwa na njia ya mkato ningeshaipita.

Nimekatishwa hapo. Doto amebisha hodi.

Alikuja kuchukua nyundo ya mti, ile ya kugongea bakuli la kulishia mpunga uliolowa unapogoma kushuka. Nilisahau kuikabidhi. Nikampa, nikampa na daftari asome kurasa za mwanzo. Akasoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwa Masanja akacheka, alipofika kwenye kizuizi akaacha kucheka.

"Dada Minza," akasema, "mimi nilikuelewa toka mchana. Ya kuku nilisema tu."

"Kama ulielewa, kizuizi ulikuwa unakitafutia nini?"

"Mimi sina tatizo."

"Nani ana tatizo?"

"Mama."

Akakaa kwenye ngazi. "Kesho anakuja na lori. Unamjua, hawezi kuutuma mpunga peke yake. Atasimama pale kwenye bakuli. Magunia yake anayasikia yanachemka, halafu mimi namwaga kidogokidogo kama namwekea chumvi mtu mwenye presha. Ataniambia, 'Doto, ongeza.' Mbele ya watu wote. Nitamjibu nini? Hapana?"

"Mwambie asubiri."

"Bebe," akasema kwa Kisukuma, wewe, "umewahi kumwambia mama yako asubiri?"

Sijawahi. Kwetu mama hasubirishwi, na mwanawe hambishii hadharani. Hata ukiwa na haki, watu watakachobeba kwenda nacho nyumbani ni kwamba fulani alimkatalia mama yake.

"Kulwa je?" nikauliza. "Si atakuja naye? Yeye mkubwa."

"Mkubwa kwa pumzi mbili! Kulwa atasimama nyuma ya Mama aseme, 'Doto, husikii?' Halafu hiyo safari yako ya kwanza. Mpunga utoke Mama aushike, haujakauka. Atasema wanangu nimewalisha, leo wananirudishia mpunga mbichi kwa mashine ya Mhindi. Dada, mimi dramu naliweza. Mama ndiye simwezi."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kushikia. Mchana kutwa nilidhani nashindana na karasha. Kurasa zote hizi nimemwandikia mtu ambaye hana shida ya kuelewa. Mlango ule haufunguliwi na mkono wa Doto. Unafunguliwa na mtu aliyesimama nyuma yake, ana wasiwasi, ana haki ya kuwa na wasiwasi, na hakuna aliyemweleza kitu. Wote tunaeleza mafundi. Mwenye mpunga tunampa risiti.

"Mama yako anafua mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Nguo. Anafua?"

"Katulea mapacha. Unauliza?"

"Basi nenda kalale. Kizuizi kiache. Mlango uweke pale mvua inaposikika kwenye bati, halafu usiutazame tena, na usimtazame mtu. Mama yako niachie mimi."

"Wewe si umestaafu? Si una basi la asubuhi?"

"Kuna la mchana."

Akaondoka anapigapiga nyundo kwenye kiganja. Nimemsikia hadi kona.

Nimeshawapigia watu wa Geita. Nimewaambia mchanga wao umekaa tangu dunia iumbwe, utanivumilia nusu siku. Wamekubali, au wamekata simu, sikusikia vizuri.

Kesho asubuhi nitakuwa getini kabla ya lori. Dramu sitalishika, wala mlango sitaugusa, wala sitasimama karibu na Doto watu wakadhani bado linaniuma. Nitampigia goti Mama Kulwa, nitasema kwa Kisukuma mwangaluka, mayu, umeamkaje mama, nitangoja aitikie hadi amalize kuniuliza habari za kwetu wote. Halafu nitamwekea kigoda juani, upande wa chini, unakotokea mpunga, mbali na lile bakuli. Nitamwomba anisaidie kuanika kanga mbili: moja aitandaze, moja aikunje anavyotaka yeye. Sitamweleza kitu. Zikishaonyesha zenyewe, nitamwomba aende kwenye maturubai aingize mkono wake kwenye mpunga uliolala, auache humo mpaka ausikie unavyotoa jasho.

Na ninavyomjua Mama Kulwa, kabla chai haijapoa yeye ndiye atakayekuwa anamfokea yeyote anayesogelea ule mlango, akianzia na Kulwa.

Kanga ziko kwenye ndoo, nimezilowanisha sasa hivi. Asubuhi nazikamua naondoka nazo.